Riwaya ya vita kwa mtoto wa miaka kumi, tumpe au tumfiche?

Wadau kuna hoja inarudi rudi kwamba vitabu vya vita watoto wasipewe kabisa, vinawatia hofu, na wengine wanaongeza kwamba hata vile vilivyoandikwa kwa ajili yao ni uongo maana mwishoni familia inakutana na kukumbatiana, wakati vita halisi haviishi hivyo. Mimi nasema wapewe, na nitasimama na kitabu kimoja tu, The Silver Sword cha Muingereza Ian Serraillier, kilichotoka 1956.

Kwa ambaye hajakisoma: ni Warsaw, Poland, chini ya Wanazi. Baba ni mwalimu mkuu, anakamatwa kwa kuigeuza picha ya Hitler ikatazama ukuta. Baadaye usiku mmoja wanamchukua mama, wanabaki watoto watatu, Ruth hajafika miaka 13, Edek 11, Bronia 3, wanatoroka kwa kupita juu ya mapaa na nyumba inalipuliwa. Wanakuja kuungana na Jan, mtoto wa mtaani asiye na mtu, na vita vikiisha wanaivuka Ujerumani iliyobomoka kuwatafuta wazazi Uswisi.

Haya, hofu ipo, sikatai. Lakini mtoto akisoma kinachomshika ni namna wenzake walivyojipanga, Ruth anafungua shule chini ya ardhi kwenye magofu, Edek anaingiza chakula mjini kwa magendo mpaka anakamatwa na kupelekwa Ujerumani, anarudi na kifua kikuu. Na njiani anayewaficha ni mkulima Mjerumani ambaye wanawe wawili wamekufa vitani, yaani mtoto anakutana na adui aliyefiwa, tena anawapa kula. Hilo taarifa ya habari haimpi.

Sasa kuhusu mwisho mtamu. Ni kweli wazazi wanapatikana, ila someni sura ya mwisho taratibu jamani. Edek anauguzwa muda mrefu. Jan anaendelea kuiba na kuota ndoto mbaya, na wazazi wake mwenyewe hawapatikani kamwe, inabidi awachukue hawa wa wenzake. Ruth ndiyo ameniumiza kuliko wote, binti aliyewabeba wenzake njia nzima bila kuyumba, akishampata mama anageuka kama mtoto mchanga, anamng'ang'ania hataki kubanduka. Mwandishi angekuwa anadanganya watoto asingeandika hayo, angeishia kwenye kukumbatiana akafunga kitabu.

Nakubaliana na wapinzani kwenye umri, wa miaka sita hapana, na anayesoma asiachwe peke yake na maswali. Lakini kumficha kabisa hapana. Shirika la wakimbizi la UNHCR linasema watoto ni karibu asilimia 40 ya watu wote waliolazimika kukimbia makwao, kwa hiyo mtoto wako anaweza kukaa dawati moja na mmoja wao na asijue aanzie wapi kuongea naye, na picha za vita ameshaziona kwenye simu tayari, vipande vipande, bila jina la mtu wala nini kilifuata.

Kwa hiyo mnaosema tusubiri wakue, nijibuni hili: huyo mtoto akiuliza leo hao wa kwenye simu waliishia wapi, mtampa nini asome?