Helios ya mkono au 50mm ya otofokasi? Pesa inatosha moja tu

kijana_wa_kondele
Wadau, habari za jioni. Niko Kisumu, natumia kamera ya Canon 700D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Kazi zangu ni harusi ndogondogo, ayie (sherehe ya Wajaluo ya kabla ya harusi), ubatizo na matanga. Kanisani taa ni hafifu, na hii lenzi nikiivuta hadi 55 inafika f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo), basi inaniumbua: picha zinatoka na punje kama unga wa wimbi.

Nataka praimu, lenzi isiyovuta. Mzee mmoja ananiuzia Helios 44-2, 58mm f/2, ya enzi za Usovieti, 5,000 pamoja na adapta, yaani pete ya kuiunganisha na kamera. Fokasi ni ya mkono, unazungusha pete mwenyewe. Nyingine ni Canon 50mm f/1.8 STM iliyotumika, ya otofokasi, kamera inatafuta fokasi yenyewe, 13,000, hapunguzi. Nimeona picha za Helios, majani ya nyuma yanazunguka kama kimbunga, roho yangu imebaki huko. Lakini mke wangu amesema nikileta chuma cha kuzungusha kwa mkono nitakila kwa ugali. Nishaurini.

dada_lenzi_nakuru
Kaka, msikilize wifi.

Helios hiyo hiyo ninayo, na niliianza na kamera kama yako. Nikaibeba kwenye harusi moja huku Nakuru. Bibi harusi anaingia kwa ile miondoko ya mbele mbili nyuma moja, mimi nimefungua f/2, jicho kwenye kitundu, nazungusha pete. Kila picha niliiona safi. Kufika nyumbani, kwenye kompyuta, hereni zinang'aa na macho yamefifia. Picha 41 za kuingia, zilizofaa 6. Mama yake alinipigia: mbona mwanangu anaonekana kama yuko ndani ya maji?

Kitundu kilinidanganya. Kioo cha ndani cha kamera hizi kimetengenezwa kiwe na mwanga, hakikuonyeshi ukungu halisi wa f/2. Zile za filamu zilikuwa na duara lililokatwa katikati, unalinganisha nusu mbili. Yetu haina. Ukitaka uhakika utumie skrini na ukuze mara 5 au 10, na hapo bibi harusi ameshaketi. Piga hesabu: 58mm kwa f/2, mtu akiwa mita moja na nusu, eneo linalotoka safi, mbele hadi nyuma, ni sentimita 5 hivi. Hatua moja, kwisha.

Chukua 50. Kanisani tumia kituo cha fokasi cha katikati (vituo ni zile alama kwenye kitundu ambapo kamera inalenga fokasi), ndicho chenye nguvu kati ya vile 9 vya 700D. Vingine gizani vitakutafutia pazia. Na usishangae pete yake ikizunguka bure kamera ikiwa imezimwa, STM inasukumwa na mota.

mzee_wa_khayega
Binti yangu amesema kweli kuhusu harusi, ila lenzi ya mkono msiitukane. Hapa Khayega, Kakamega, siku ya kupiganisha mafahali, wenye otofokasi kamera zao zinashika matawi ya mashabiki badala ya pembe. Mimi naweka f/8, pete kwenye mita 10, naiacha hapo. Kuanzia mita 7 hadi 18 hivi kila kitu kiko sawa. Sizungushi kitu, nangoja tu wagongane, na mguu mmoja uko tayari kukimbia.

Kijana wangu, ukienda kuiona hiyo Helios, beba tochi. Mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili. Unyevu wa ziwa huzaa kuvu, utaiona kama utando wa buibui kwenye ukingo wa kioo. Kwa Canon adapta yake ni pete tupu, haina shida. Wa Nikon ndio waangalie, bila adapta yenye kioo ndani vitu vya mbali havikai sawa.

otieno_picha
Mmesahau jambo moja. Kwa 700D, 50mm inabana kama 80mm, yaani inaona eneo dogo. Kwenye ayie, sebuleni, utapiga mgongo ukutani na bado wazee wa mwisho wamekatika. Kuna Canon 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama andazi lililokosa hamira. Ifikirie baadaye.

kijana_wa_kondele
Nimerudi. Nilienda na tochi ya simu. Mzee, utando upo, umezunguka karibu nusu ya ukingo. Muuzaji akasema ni vumbi, nikamwambia alipangushe, akacheka akanimiminia chai.

Nimechukua 50. Jumapili ilikuwa ubatizo: kituo cha katikati, f/2.2, pasta ameinua mkono. Tone la maji limening'inia kwenye paji la mtoto na kope zinahesabika. Ile ya familia nzima ndiyo imenishinda, nilirudi nyuma mpaka nikakalia kinanda. Otieno, hiyo 24mm Kisumu nani anayo?