Fuso ya volti 24 imeniunguzia radio: ninunue ya namna gani?

Shofere wa Ruashi
Jambo wote. Naendesha Fuso Fighter, safari zangu ni Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, mara mojamoja nashuka Kasumbalesa. Radio iliyokuja na kamiyo kutoka Japani ilikufa mwaka jana. Nikanunua nyingine sokoni kwa dolari 35, fundi akaiunga moja kwa moja. Sikuwahi hata kuchomeka flashi: moshi ulitoka nyuma yake, kabini yote ikanuka plastiki. Fundi wa pili akasema kosa ni volti 24, akanifungia nyingine kwenye batri moja tu kati ya zile mbili. Hiyo iliimba miezi minne. Sasa inazimika kila ninapowasha kamiyo, na asubuhi injini inashika kwa shida.

Nina dolari 80. Nahitaji Bluetooth, mke wangu akipiga nisishike simu nikiwa na mzigo, na Radio Okapi isikike sawasawa. Nimeona moja ya skrini kubwa Kamalondo, imenivutia sana. Nishaurini.

Fundi Umeme Katuba
Kaka, pole. Acha radio kwanza, tuongee batri. Zile mbili zimeungwa kwa mfuatano, 12 na 12 zinakuwa 24, na altaneta inazijaza kwa mkondo mmoja unaopita zote. Radio ikinyonya moja tu, hiyo inabaki na njaa siku zote, na mwenzake iliyokwisha shiba inaendelea kulishwa mpaka maji yake yanachemka. Ukiwasha injini, ile dhaifu inaanguka, na radio inazimika nayo.

Washa injini, pima kila batri peke yake. Ukipata karibu 14 na 14, nimekosea.

Mama Taxi-bus Kampemba
Mimi nina HiAce, ni volti 12, hayo ya kuungua hayakunipata. Lakini kuhusu Okapi nina la kusema. Radio za Japani nyingi zinaishia FM 90, na kwetu Okapi iko 95.8, hazifiki. Basi nikanunua mpya, ikawa inaruka: 95.7, halafu 95.9, ya katikati haipo! Dereva wangu alidhani antena imekatika. Kumbe ilikuwa imewekwa kwa utaratibu wa Marekani, ambako stesheni zinapangwa kwa namba witiri baada ya nukta. Ingia kwenye mipangilio, tafuta eneo, weka Ulaya. Jaribu hapohapo dukani kabla ya kulipa. Okapi isiposhika, usitoe hela.

Mzee wa Kolwezi
Mwanangu, skrini kubwa achana nayo. Vumbi la njia ile linaingia kila tundu, na jua la mchana likipiga kioo huoni kitu. Halafu kutafuta kwa kidole kwenye kioo ni kutoa macho barabarani, na nyuma yako kuna tani za mizigo ya watu. Chukua ndogo, ya sentimita 18 kwa 5, yenye kitufe cha kuzungusha ambacho mkono unakijua gizani, na uso unaochomoka ili usiku ulale nao.

Usilipie "wati 50 mara 4" ya kwenye sanduku. Hiyo ni ya kilele. Kazi ya kawaida ni kama wati 15 mpaka 22 kwa kila bafle, yaani spika.

Baba Mapacha
Mimi nilifunga kwenye batri moja miaka miwili na sikuona shida.

Fundi Umeme Katuba
Ndugu, radio ikisikilizwa kidogo, batri inavumilia. Huyu yuko barabarani kutwa nzima.

Njia ni mbili. Radio iliyoandikwa 24V kwenye mwili wake wenyewe, siyo kwenye sanduku tu. Au radio ya volti 12 pamoja na kipunguza volti cha kutoka 24 kwenda 12, cha ampea 10, kifungwe kwenye chuma penye hewa maana kinapata joto, mbali na waya wa antena, vinginevyo FM italia mluzi. Waya wa njano wa radio unataka umeme wakati wote, mwekundu unafuata ufunguo. Ukiunga zote kwenye ufunguo, kila asubuhi utatafuta stesheni upya. Na kila waya wa umeme uwe na fyuzi yake.

Angalia pia bafle za zamani. Kama waya wa hasi umefungwa kwenye bodi ya gari, ukate, uvute waya wako mpaka kwenye radio. Radio za siku hizi zinaungua kwa kosa hilo.

Shofere wa Ruashi
Nimepima leo asubuhi injini ikiwaka. Batri ya radio: 12.8. Nyingine: 15.2. Hii ya pili ndiyo ninayoiongezea maji kila juma, na siku zote nilidhani imepasuka mahali. Naweza kubadilisha ile dhaifu peke yake?

Fundi Umeme Katuba
Hapana, kaka. Zote mbili pamoja, aina moja, umri mmoja. Mpya ukiifunga na iliyochemshwa, itachoka nayo.

Shofere wa Ruashi
Basi dolari 80 zinaingia kwenye batri, na nitaongeza. Waya wa radio nimeshaung'oa leo. Nikirudi kutoka Kolwezi mwisho wa mwezi nitatafuta ile ndogo ya kitufe, na kipunguza volti. Mama, Okapi nitaijaribu palepale dukani.