Wananchi wakisema hapana: mjadala kuhusu watetezi wa familia wa Arizona

Mleta mada:

Ndugu zangu, hasa mlioko Phoenix na Tucson, ambako familia nyingi zilizotoka Kongo zimepewa makazi na watoto wetu wanasoma huko, naomba tulijadili jambo hili kwa staha. Tangu mwaka 1995 jimbo la Arizona lina taasisi iitwayo Center for Arizona Policy, iliyoongozwa kwa miaka mingi na mwanasheria Cathi Herrod, ambayo kwa msimamo wa Kikristo wa kihafidhina hutetea ndoa, uhai wa mtoto aliye tumboni, uhuru wa dini na haki ya mzazi kumchagulia mwanawe shule. Taasisi hiyo huunga mkono miswada na kuwashawishi wabunge wa jimbo, na kwa miaka mingi imekuwa na nguvu kubwa kuliko taasisi nyingi za aina yake nchini Marekani.

Mimi ni muumini, na sioni kosa muumini kubisha hodi bungeni. Ninachohoji ni jambo moja: wananchi wakishaikataa hoja kwa kura, je, ni haki kuirudisha kupitia wabunge? Mwaka 2018 wapiga kura wa Arizona, takriban asilimia 65, walikataa kupanuliwa kwa mpango wa akaunti za fedha za umma za kulipia shule binafsi, zikiwemo za dini, ili mwanafunzi yeyote aweze kuziomba. Mpango wenyewe ulianza mwaka 2011 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, na hapo sina ugomvi nao. Lakini mwaka 2022 Bunge liliupanua ukawafikia wanafunzi wote, gavana Doug Ducey akatia saini, na taasisi hii ikaunga mkono hatua hiyo.

Mchangiaji:

Mleta mada, umeeleza nusu ya habari. Wapinzani walikuwa na nafasi ya kuirudisha sheria ile ya 2022 kwa wananchi. Walihitaji saini 118,823 za wapiga kura ili ipigiwe kura, nao hawakuzifikisha. Pia usisahau kwamba watu wa taasisi hii wameshindwa hadharani na kurudi hadharani: mwaka 2006 wapiga kura walikataa pendekezo la kuiwekea ndoa maana ya mume mmoja na mke mmoja katika katiba ya jimbo, pendekezo ambalo pia lingewanyima utambuzi watu wanaoishi pamoja bila ndoa. Wakaondoa kipengele hicho cha pili, wakarudi kwa wananchi mwaka 2008, wakashinda. Mzazi maskini anayetaka mwanawe afundishwe kwa maadili ya nyumbani kwake atapata wapi karo, ikiwa kodi yake yote inakwenda kwenye shule asiyoitaka?

Mleta mada:

Nashukuru, na mfano wa 2008 ndio ninaoutaka mimi. Walisikia pingamizi, wakarekebisha, wakaomba ridhaa upya kwa walewale waliowakatalia. Hivyo ndivyo mtu mwenye imani na hoja yake anavyopaswa kufanya, hata kama mimi au wewe hatukubaliani na hoja yenyewe.

Kuhusu saini, ni kweli hazikutosha, lakini tazama nani alibebeshwa mzigo. Waliokwisha kushinda kwa kura ndio walioambiwa watembee nyumba kwa nyumba katika kiangazi cha Arizona, joto likipita nyuzi 40, ili kukilinda walichokwisha kukiamua. Sheria ya jimbo inaruhusu hivyo: tangu 1998, jambo lililopitishwa na wapiga kura haliwezi kufutwa na Bunge, ila lililokataliwa halina kinga ya namna hiyo. Kwa hiyo sisemi kwamba sheria ilivunjwa.

Na huyo mzazi maskini uliyemtaja namwonea huruma kama wewe. Ila akaunti hizo kwa kawaida hutoa takriban dola 7,000 kwa mwaka, na karo ya shule nyingi binafsi hupita hapo, huku shule nazo zikiwa na hiari ya kumkataa mtoto. Mwenye pesa za kuongezea ndiye anayefaidi kwanza.

Mwaka 2024 wapiga kura waliingiza haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo kwa zaidi ya asilimia 60, na taasisi hii ilikuwa upande wa walioshindwa. Safari hii wananchi walisema ndiyo, na ndiyo yao ina kinga. Taasisi hii ikitaka kuibadilisha, italazimika kurudi kwa wananchi. Ningependa kusikia kutoka kwako, mchangiaji, kwa nini fedha za shule hazikustahili njia hiyohiyo.