Rauta imezimika katikati ya kusasishwa famwea (Wete): inafufuka au niitupe?

mama_limbani

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kwa bando la simu linalokaribia kwisha, kwa hiyo mniwie radhi nikichelewa kujibu.

Kwetu Limbani, Wete, kisiwani Pemba, intaneti inakuja kwa antena iliyo juu ya bati. Waya unashuka ukutani, unapita dirishani, unaingia kwenye rauta ya TP-Link, TL-WR841N, ile nyeupe yenye antena mbili. Tangu masika yaanze mtandao umekuwa ukikatika usiku, mara nyingi baada ya sala ya isha, saa ile ile ambayo baba watoto anapiga simu ya video kutoka Maskati. Sura yake inaganda, mdogo anamwita "baba, baba" kwenye kioo, halafu simu inakatika. Mpwa wangu akaniambia famwea, ile programu inayoiendesha rauta, imepitwa na wakati, niisasishe. Nikapakua faili, nikaingia ukurasa wa rauta, 192.168.0.1, nikaanza. Mstari ulipofika kama nusu, umeme ukazimika mtaa mzima.

Uliporudi, taa ya umeme inawaka, taa ya gurudumu la meno inawaka lakini haipepesi kama zamani, na waifai haionekani kabisa kwenye simu. Nimebonyeza kitufe cha rizeti mpaka kidole kimeniuma. Fundi mmoja hapa mjini kaishika dakika mbili, akasema imekufa, ninunue nyingine. Kununua sikatai, ila nataka kujua kwanza kama kweli imekufa. Binti yangu yuko kidato cha nne na masomo yake mengi anayapata mtandaoni. Nakuombeni anayejua anieleze.

baharia_mkoani

Waalaykum salaam bibie, pole sana. Mimi ningenunua ya laini, unatia kadi ya simu, unaachana na antena na waya. Na ukisasisha tena, hakikisha una betri. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010 tulipumzika na majenereta ya Wesha, lakini kukatika kwa ghafla bado kupo.

fundi_mkunazini

Dada, usiitupe. Taa ya gurudumu ikiwaka bila kupepesa maana yake mfumo haujapanda. Lakini ndani ya rauta mna sehemu mbili: programu ndogo ya kuwashia, na famwea yenyewe. Umeme ulipokatika ulikuwa unaandika famwea, na ile ndogo kwa kawaida hubaki salama. Kama ipo, inaweza kuomba famwea upya kutoka kwenye kompyuta yako.

Igeuze rauta, usome kibandiko cha chini, penye Ver. Nambari hiyo ndiyo kila kitu. WR841N zimetoka matoleo mengi yenye sura moja na matumbo tofauti, na famwea ya toleo moja ukiitia kwenye jingine unaiharibu kweli.

mama_limbani

Ver: 9.2. Laptopu ninayo, ya Windows, na ina tundu la waya.

fundi_mkunazini

Vizuri. Shusha famwea ya V9 kwenye tovuti ya TP-Link. Ukiona jina la faili lina neno "boot", usilitumie lilivyo, kwa sababu mbele yake wameambatisha programu ya kuwashia. Lazima baiti 131,584 za mwanzo zikatwe (vipande 257 vya baiti 512). Ukishindwa nitumie faili kwa ujumbe wa faragha nikukatie, ni kazi ya dakika moja.

Faili lililokatwa liite wr841nv9_tp_recovery.bin, herufi kwa herufi. Rauta inaliita kwa jina hilo tu, ukikosea hata kistari hailioni. Liweke kwenye folda moja na Tftpd64, programu itakayoipa rauta faili hilo. Zima waifai ya laptopu, zima na fayawoli ya Windows kwa muda. Kadi ya mtandao wa waya ya laptopu ipe anwani 192.168.0.66, maski 255.255.255.0. Chomeka waya kwenye tundu moja la njano, si la buluu.

Sasa zima rauta. Shikilia kitufe cha rizeti, washa huku umekishikilia, mpaka taa ya kufuli iwake. Ikiwaka, achia. Kwenye Tftpd64 utaona faili linachukuliwa. Baada ya hapo usiguse kitu, ngoja mpaka iwake upya yenyewe. Fanya wakati umeme umetulia, na laptopu iwe na chaji.

mama_limbani

Faili nimelipata, ahsante. Nimejaribu mara tatu. Mbili za mwanzo taa ya kufuli haikuwaka, nilikuwa nachelewa kubonyeza. Ya tatu binti yangu alishika kitufe mimi nikawasha swichi ukutani. Kufuli ikawaka! Kwenye kioo ukapita mstari, faili likaondoka. Tukakaa kimya sote wawili tukiitazama. Taa zote zikawaka kwa pamoja, zikazima, kisha gurudumu likaanza kupepesa. Nilitoa machozi.

Lakini intaneti hakuna. Nimetia PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa huduma), jina na nywila kama karatasi ya waliotufungia inavyosema, nimezihakiki mara mbili, na bado inasema haijaunganishwa.

fundi_mkunazini

Alhamdulillah, kubwa limepita. Siku ile walipofunga antena, waliijaribu kwanza kwa kifaa gani?

mama_limbani

Kwa laptopu hii hii. Ilikuwa mezani, wakachomeka waya wa antena humo, ikafunguka, ndipo wakaleta rauta.

fundi_mkunazini

Basi ndiyo hiyo. Baadhi ya watoa huduma wanaifunga laini kwa anwani ya MAC, nambari ya utambulisho, ya kifaa cha kwanza walichokiona. Aliyekufungia aliinakili MAC ya laptopu ndani ya rauta, na mipangilio hiyo imefutika. Ingia kwenye rauta kwa laptopu hiyo, kwa waya na si kwa waifai, nenda Network, kisha MAC Clone, bonyeza Clone MAC Address, hifadhi. Zima antena na rauta dakika tano, washa antena kwanza.

mama_limbani

Imefunguka!! Mwenyezi Mungu akulipe kheri, kaka yangu. Ila usiku huu imekatika tena mara mbili, vile vile kama mwanzo.

fundi_mkunazini

Amin. Ikikatika, ile taa ya dunia, ya intaneti, inabaki au inazima?

mama_limbani

Inazima kabisa, sekunde kadhaa, kisha inarudi. Waifai inabaki.

fundi_mkunazini

Taa ya dunia ikizima, rauta haioni waya wa antena. Famwea haikuwa na kosa tangu mwanzo. Tatizo liko kati ya tundu la buluu na bati: adapta ya antena, waya, au vichwa vyake. Nyumba ya karibu na bahari naanza na kichwa cha juu. Apande mtu mwenye ngazi imara, mchana, bati likiwa kavu, na adapta ya antena iwe imechomolewa.

mama_limbani

Kaka yangu amepanda leo asubuhi. Kichwa cha waya kilipochomolewa kilikuwa na kutu ya kijani, pini mbili zimeliwa karibu zote, na ndani ya kifuniko cha antena maji yakadondoka. Mpira wa kuzibia haukuwapo, nadhani haukuwekwa tangu siku ya kwanza. Tumekata shibri moja ya waya, fundi simu wa jirani akabana kichwa kipya kwa kufuata rangi zile zile, tukafunga mpira, na waya tukaupinda kidogo chini ya antena ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu.

Ni usiku wa tatu sasa. Jana imenyesha toka magharibi mpaka alfajiri, na baba watoto amezungumza nasi saa nzima. Mdogo kamsomea sura aliyohifadhi, yote, bila kukatika.

Swali la mwisho: nataka betri ndogo ya rauta. Dukani zipo za volti 9 na za volti 12.

fundi_mkunazini

Mashallah. Kwa rauta yako chukua ya volti 9, angalia na adapta yake imeandikwa hivyo. Antena usiitie humo, ina adapta yake na volti zake. Picha ya adapta hiyo nitumie kabla hujanunua ya pili.