Mjadala: Tulipoitazama "Frank" tukacheka, tulikuwa tunamcheka nani?

Mleta mada

Wadau, swali langu ni moja. Ni halali filamu ituchekeshe kwa ugonjwa wa akili wa mtu? Naliuliza kwa sababu ya "Frank", filamu ya mwaka 2014 iliyoongozwa na Lenny Abrahamson wa Ireland. Tuliitazama kundi zima, na waliocheka na waliochukia mpaka leo hawajapatana. Ambaye hajaiona ajue kwamba naisimulia mpaka mwisho, maana hoja yangu iko mwishoni.

Jon ni kijana wa Kiingereza, karani wa ofisini, anayetamani kutunga nyimbo na kipaji hana. Siku moja ufukweni anakuta mtu anatolewa majini. Ni mpiga kinanda wa bendi fulani, amejaribu kujizamisha. Meneja wa bendi, Don, amesimama pale. Jon anasema na yeye hupiga kinanda. Anaulizwa kama anaweza kupiga C, F na G, sauti tatu za kawaida za kinanda. Anaweza. Kazi kaipata palepale, huku mwenzake hata hospitali hajafika. Hapo kila mtu alicheka, na mimi nilicheka.

Kiongozi wa bendi ni Frank, ameigizwa na Michael Fassbender. Huvaa kichwa kikubwa cha bandia, cha duara, chenye macho yaliyochorwa, na hakivui. Halali bila hicho, haogi bila hicho. Bendi inakwenda kujifungia kwenye nyumba ya mbao huko Ireland kurekodi albamu. Pesa zinapoisha Jon anatoa akiba yake, na wakati huohuo anawarekodi wenzake kwa siri na kuwarusha mtandaoni. Don, ambaye alijuana na Frank katika hospitali ya magonjwa ya akili, anajinyonga albamu inapokamilika. Amejinyonga akiwa amevaa kichwa cha Frank, kwa hiyo kwa muda mfupi wanadhani aliyekufa ni Frank. Baadaye video za Jon zinawapatia mwaliko wa tamasha la South by Southwest mjini Austin, Texas, na huko kila kitu kinasambaratika. Frank anagongwa na gari, kile kichwa cha bandia kinavunjika, anarudi kwao Kansas. Jon anamfuata na kumkuta bila kichwa kile, uso una makovu, anazungumza kwa shida. Wazazi wake wanamwambia Jon kwamba mateso hayakumpa mtoto wao muziki. Muziki alizaliwa nao, ugonjwa ulimchelewesha tu.

Msimamo wangu ni huu. Kumcheka Frank si dhambi, kwa sababu filamu inampenda na inatutaka tumpende. Anayestahili kulaumiwa ndani ya hadithi ni Jon, anayeona ugonjwa wa wenzake kama njia ya mkato ya kuwa msanii. Mpaka hapo filamu nakubaliana nayo kabisa. Ila kwa Don imefanya ukatili, na hilo sijaona mtu akilisema. Kifo chake kimetumika kama kiinimacho cha kutushtua. Naomba hoja.

Mpiga kinanda, Morogoro

Mkuu mleta mada, nimeshapiga muziki kwenye bendi kwa muda mrefu, na nakwambia ile C, F na G ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Bendi haisubiri mtu. Mpiga kinanda akilazwa leo na onyesho ni leo, anatafutwa mwingine leo. Hatucheki kwa sababu hatumpendi aliyelazwa. Tunacheka kwa sababu usipocheka huwezi kupanda jukwaani.

Pili, wanaosema filamu imezusha bendi ya vichaa ili kuwadhalilisha wanamuziki, wasome habari za Captain Beefheart, mwanamuziki wa Marekani, ambaye waandishi wa filamu wanamtaja kama mmoja wa watu waliowapa wazo. Kabla ya albamu yake ya mwaka 1969 aliwaweka vijana wake kwenye nyumba moja nje kidogo ya Los Angeles kwa miezi. Walifanya mazoezi saa nyingi kila siku, chakula kilikuwa kidogo, na matusi hayakuisha. Mpiga dramu John French amesimulia haya kwa miaka mingi. French huyohuyo ndiye aliyekaa akachukua vipande ambavyo bosi alivibonyezabonyeza kwenye piano, akavipanga, akamfundisha kila mpigaji sehemu yake. Albamu ilipotoka jina lake halikuwekwa kwenye jalada.

Hapo ndipo ninapoona filamu inasema kweli. Dunia ilimsifu "fundi mwenye wazimu", aliyeifanya kazi ipigike akasahauliwa. Kwa hiyo sikubaliani nawe kuhusu Don. Don kusahauliwa ndani ya filamu ndiyo hali halisi ya watu wa namna yake katika muziki.

Mleta mada

Mpiga kinanda, habari ya French imenigusa. Lakini kuonyesha mtu akisahauliwa ni jambo moja, na filamu yenyewe kumsahau ni jambo jingine. French alikuja kusema mwenyewe, tukamsikia. Don anaagwa, safari ya Amerika inaanza, na baada ya hapo ni kama amesahaulika. Frank amepewa baba na mama wa kumsemea mwishoni. Nani alimsemea Don?

Dada wa mgonjwa

Nimesoma nikiwa na moyo mzito, lakini nitachangia. Kaka yangu anaumwa maradhi haya, na nyumbani tumeishi nayo tangu nikiwa shule ya msingi. Niliitazama filamu hii peke yangu kwanza, ndipo nikamwonyesha mama.

Kuna sehemu Jon analalamika kwamba haoni uso wa Frank. Frank anakubali kumsaidia: kuanzia hapo anamtajia kwa mdomo sura aliyoiweka chini ya kile kichwa, kwamba sasa natabasamu, sasa nimeona haya kidogo. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, maana kaka naye, akiwa na nafuu, hutueleza hivyohivyo: "Sijakasirika, uso tu ndio uko hivi." Mnaosema tumcheke au tusimcheke, mnazungumza kana kwamba wagonjwa hawapo chumbani. Wapo, na wao pia wana utani wao. Kinachomuumiza kaka ni mtu kumkodolea macho kama onyesho, au kumwambia kwamba ana "karama".

Neno hilo karama ndilo ninalotaka kuligombania hapa. Waandishi wa filamu wanamtaja pia Daniel Johnston, mwimbaji wa Texas aliyefariki mwaka 2019. Watu walivaa fulana zenye michoro yake, na mjini Austin kuna ukuta wenye chura wake mashuhuri. Wengi walimwona kama malaika aliyechanganyikiwa. Lakini mwaka 1990, akirudi na baba yake kwa ndege ndogo ambayo baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akiirusha, alichomoa ufunguo wa ndege na kuutupa nje. Mzee aliweza kuishusha ndege kwenye miti, wakapona wote wawili. Kisha wazazi wale wakamtunza kwa miaka mingi, nyumbani. Dawa, chakula, hofu ya usiku, vyote juu yao. Mashabiki walikuwa na fulana.

Kwa hiyo wazazi wa Kansas wanapotokea mwishoni, kwangu filamu nzima ilikuwa inawatafuta wao. Sijali tulicheka mangapi kabla ya hapo. Mama yule anaongea dakika chache tu, na amesema alichokuwa anataka kukisema mama yangu kwa kila mchungaji na kila mganga aliyetuambia kijana amechaguliwa.

Mdau wa Manchester

Habari zenu kutoka huku. Mimi nina lalamiko tofauti. Kichwa kile si cha kubuni. Kilikuwa cha Frank Sidebottom, mhusika wa mchekeshaji na mwanamuziki Chris Sievey, kutoka Timperley, hapa jirani. Jon Ronson, mmoja wa waandishi wawili wa filamu, alikuwa mpiga kinanda wa bendi yake miaka ya 1980, na ndiyo maana mhusika anaitwa Jon.

Sievey hakuwa mgonjwa wa namna ile. Alikuwa mtu wa vituko, mcheshi, mbunifu kupita kiasi. Alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 54, mfukoni hana kitu, ikasemekana angezikwa kwa gharama za halmashauri. Wapenzi wake wakachanga zaidi ya pauni 20,000 kwa muda mfupi sana, na mwaka 2013 sanamu ya Frank ikasimamishwa Timperley. Watu wa huku walimcheka kwa sababu alitaka achekwe, ndiyo ilikuwa kazi yake. Sasa filamu imechukua kichwa cha mtu wa furaha ikamwingiza ndani mgonjwa wa Kimarekani. Najua Ronson amesema wazi kuwa ni hadithi ya kubuni. Ila kijana wa leo akikiona kile kichwa, anafikiri hospitali. Hilo linaniuma kuliko habari ya Don, samahani.

Mpiga kinanda, Morogoro

Wa Manchester, hapo nipo nawe. Wangeweza kuchonga kichwa kingine.

Wakili, Nakuru

Nimefuatilia kimya, wacha niseme jambo moja ambalo naona limepitwa. Mnazungumza juu ya kicheko kana kwamba watazamaji wote wanacheka kitu kimoja. Ile ya ufukweni: mtu amejaribu kujitoa uhai, anatolewa majini, anapelekwa hospitali. Uingereza iliacha kulihesabu jambo hilo kuwa jinai mwaka 1961, Ireland mwaka 1993. Mtazamaji wa kule anajua mgonjwa yule anakwenda kwa daktari, kwa hiyo anaweza kustarehe na kucheka habari ya kinanda.

Kwetu Kenya, filamu hii ilipotoka, mtu yule angeweza kutolewa majini na kufikishwa kortini. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililiita kosa, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa wenzetu wa Tanzania bado ni kosa kwenye vitabu. Mimi niliitazama na jamaa ambaye familia yake iliwahi kupitia hayo, na hakucheka. Hakuwa anakosa ucheshi. Alikuwa anangoja kuona polisi watafika saa ngapi.

Sisemi filamu ilaumiwe kwa sheria zetu. Nasema tukibishana kama kicheko ni halali, tutaje pia aliyechekwa angepelekwa wapi.

Mleta mada

Wakili, asante, hilo sikuwa nimelitazama kwa upande huo, na linaipa nguvu hoja yangu ya Don. Yule wa ufukweni ana sura, ana kitanda hospitalini, mtu unaweza kumfikiria anarudi. Dada, nimekusoma mara mbili. Nakubali kwamba wazazi wa Kansas ndio moyo wa filamu. Lakini niruhusu nikuulize kwa heshima: je, mama yako alipofika pale pa Don, alisema nini?

Dada wa mgonjwa

Alitoka nje. Alirudi wakati wapo tayari Amerika, hakuuliza ilikuwaje. Sikumsimulia.

Mpiga kinanda, Morogoro

Sawa dada, pole sana kwa mama. Lakini mleta mada, tusiishie kwenye huzuni tukaacha hoja hewani. Wewe unasema ukatili. Kama ungekuwa wewe ndiye mwenye mkasi, ungekata nini? Ukikata kifo cha Don, Jon anabaki kijana mzuri aliyekosea kidogo, na hadithi inakuwa ya watoto. Kifo kile ndicho kinachoonyesha gharama. Wakati fulani Don anamwimbia Jon wimbo wake mwenyewe, mzuri, halafu anasema si kitu. Usipofika kwenye kifo, wimbo ule hauna uzito.

Mleta mada

Kifo singekikata. Ningekivua kile kichwa.

Sikiliza. Asubuhi ile wanamkuta amening'inia, kichwa cha Frank kimefunika uso, na sisi pamoja nao tunalia: Frank amekufa! Kisha inajulikana kwamba ni Don, na jambo la kwanza ambalo kila mtazamaji anahisi, hata kama hataki kukiri, ni nafuu. Kumbe ni Don tu. Mwongozaji ametufanya tufurahi kwamba aliyekufa ni huyu na si yule. Mtu aliyekaa miaka akiamini kwamba yeye ni Frank asiye na kipaji, filamu inamthibitishia hivyo mbele yetu, tena kupitia kifua chetu. Mpiga kinanda utasema ndiyo shabaha yenyewe, tujione. Ningekubali kama baada ya hapo filamu ingekaa na hiyo nafuu yetu hata kidogo, ikatuuliza tumeipata wapi. Haikai. Inamchoma moto ziwani kama shujaa wa kale wa Skandinavia, watu wanacheka tena, safari inaendelea.

Angekutwa na uso wake mwenyewe, kila ulichokitaka kingebaki: gharama, hatia ya Jon, uzito wa ule wimbo. Kingepungua kitu kimoja tu, mshtuko wa sekunde chache, na sioni kama mshtuko huo ulistahili kulipiwa na mtu ambaye tayari alikuwa hana kitu kingine cha kutoa.