Walimu wa michezo kwenye shule za kimataifa: kazi ikoje hasa, na siku gani hamtaisahau?

FilimbiMpya

Habari za wakati huu walimu wenzangu, na shikamooni mlionitangulia. Nafundisha michezo shule ya serikali tangu nimalize chuo. Madarasa makubwa, kiwanja kimoja, mipira ya kugombania, lakini kazi naipenda. Sasa nimeitwa kwenye usaili na shule moja ya kimataifa, na kila ninayemuuliza ananijibu habari za mshahara na nyumba. Hayo nitayaona kwenye mkataba.

Mimi nataka kuijua kazi yenyewe. Mwalimu wa michezo kule anahesabiwa mwalimu, au ni mtu wa kuleta makombe? Mtoto anapimwaje? Nimesoma kwamba mtaala wao una vigezo vinne na kucheza vizuri ni kimojawapo tu, ila sijaelewa inakuwaje darasani. Na miaka ikienda, mtu anafika wapi?

La mwisho: nisimulieni siku moja iliyowakaa moyoni. Za fainali nimeshazisikia nyingi, naomba nyingine.

---

KochaWavu

Hongera kwa kuitwa. Mimi niko zaidi upande wa timu, kwa hiyo nitakugusia ratiba tu. Vipindi mchana, klabu baada ya masomo, mechi Jumamosi, na safari za mashindano ambako unalala hoteli moja na watoto na simu haizimwi. Uliza mapema kama wikendi imo ndani ya saa zako za kazi. Mkataba wa kwanza mara nyingi ni wa miaka 2, na uamuzi wa kubaki au kuondoka hudaiwa mapema katika mwaka wa pili, hata kama unahisi ndio kwanza umezoea.

Vyeti vya huduma ya kwanza na uokoaji bwawani viwe hai. Na kila nchi uliyowahi kufanya kazi, chukua hati ya polisi ya mwenendo mwema kabla hujaondoka. Kuifuatilia ukiwa mbali ni kazi.

---

MwalimuChaki

Marahaba, mdogo wangu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kwenye shule za namna hiyo, na sasa naongoza idara ya michezo. Nitakujibu kwa urefu maana umeuliza yale yanayostahili kuulizwa.

Tuanze na vigezo. Ulichosoma ni mtaala wa IB (International Baccalaureate, mtaala unaotumiwa na shule nyingi za kimataifa) wa miaka ya kati, wa watoto wa miaka 11 hadi 16. Somo lenyewe ni elimu ya viungo na afya. Vigezo ni kujua na kuelewa, kupanga, kutenda, na kutafakari ili kujiboresha, na kila kimoja kina alama 8. Kwa hiyo kijana mwenye mbio kuliko wote anaweza kupata 8 kwenye kutenda na 3 kwenye kupanga. Mzazi wake atakuja kuuliza, nawe utamfungulia kazi ya mtoto mbele yake, ukurasa kwa ukurasa. Ndiyo maana nasema wewe ni mwalimu kwanza. Kombe likija, lije juu ya ualimu.

Nikupe mfano. Tulikuwa kwenye mbio za kupokezana vijiti za mara nne mita 100. Kulikuwa na kijana aliyekuwa wa mwisho kila tulipokimbia. Kazi ya kupanga ilipofika, yeye ndiye aliyegundua kwamba timu yake inapoteza muda ndani ya eneo la kupokezana, zile mita 30, kwa sababu mpokeaji anasubiri kijiti kimfikie ndipo aanze kukimbia. Akachukua chaki, akaweka alama hatua kadhaa nyuma ya kila mpokeaji: mwenzako akikanyaga hapa, wewe ondoka, usigeuke, nyoosha mkono ukisikia sauti. Wakajaribu, wakasogeza alama, wakajaribu tena. Siku ya kupimwa wakawapita wenzao waliokuwa na wakimbiaji watatu hodari, na kijiti hakikusimama hata mara moja. Mimi wanariadha wazuri nimewaona wengi. Huyo wa chaki namkumbuka kuliko wote.

Jambo la pili, ambalo huenda hukuambiwa: watoto huingia katikati ya muhula, wengine hawajui hata salamu ya lugha inayofundishiwa. Kwenye hisabati watakaa kimya. Uwanjani wanaweza kuwa na rafiki kabla kipindi hakijaisha, lakini inategemea umewapa mchezo gani. Ukiwapa soka siku ya kwanza, umewagawa palepale, waliokulia na mpira huku, wasioujua kule. Mimi napenda kuanza na mchezo ambao hakuna anayeujua.

Korfball, mchezo wa kutupia mpira kwenye kikapu, ni mmoja. Aliutunga mwalimu wa Uholanzi, Nico Broekhuysen, mwaka 1902, ili wavulana na wasichana wacheze pamoja. Kila timu ni watu 8, wavulana wanne na wasichana wanne, na huruhusiwi kukimbia na mpira wala kuudundadunda. Ukiudaka, tafuta wa kumpa. Mwenye misuli hawezi kujibebea mechi peke yake, na hapo ndipo mgeni anapopata nafasi.

Msichana mmoja alikuja kwetu akiwa hazungumzi na mtu. Kwenye mchezo huo akaanza kuwaelekeza wenzake kwa vidole: kimoja, nenda chini ya kikapu, viwili, toka nje nikupe, ngumi, subiri. Hakuna aliyemfundisha, na mimi sikumwomba. Kipindi kilichofuata timu yake yote ilikuwa ikitumia vidole vyake, kisha na wapinzani wakaiga. Maneno alikuja kuyapata baadaye, tena mengi, lakini darasa lilikuwa limeshamkubali kuwa nahodha.

Na sasa siku uliyoniomba nikusimulie. Tulimpokea mvulana mwenye uoni hafifu sana. Huko alikotoka, kipindi cha michezo kilikuwa cha kukaa pembeni kushikilia karatasi ya matokeo. Hilo lilinichoma. Tukaleta goalball, mchezo ulioanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofushwa na Vita Kuu ya Pili, na ambao umo kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu 1976. Watatu kwa watatu, wote macho yamefunikwa, kila upande unarusha mpira uingie goli la wenzake, na mpira una kengele ndani. Mistari ya uwanja ina kamba chini ya utepe ili uipapase ujue ulipo. Mpira ukiwa unachezwa, ukumbi mzima lazima unyamaze.

Darasa lile lilikuwa na makelele ambayo walimu wa ghorofa ya juu walikuwa wakiyalalamikia. Siku hiyo ilisikika kengele, na miili ikianguka sakafuni, basi. Wenzake walikuwa wakijitupa ovyo, kila mmoja upande wake. Yeye alisubiri, akasikiliza, akajilaza ubavu wakati mpira umeshachagua njia, akauzuia. Akarudia. Akarudia tena. Tulipopumzika walimzunguka, wakamtaka awaonyeshe anasikiliza nini. Akawaeleza jinsi mlio unavyobadilika mpira unapodunda na unapobiringika, na jinsi ya kusikia hatua za mrushaji kabla hajaachia. Alifundisha kipindi chote kilichobaki, na mimi nikakaa sakafuni na wanafunzi wake. Tangu hapo hakushika tena karatasi ya matokeo.

Kama unauliza kazi hii inampa mtu nini, kwangu mimi ni hicho.

---

FilimbiMpya

Dada, nimesoma mara mbili. Asante sana. Naomba nikuchokoze kwa mawili zaidi. Nasikia wazazi wa shule hizo wana shinikizo kubwa, unasimamaje mbele yao? Na njia ya kupanda ikoje?

---

MwalimuChaki

Kwa wazazi, simama kwenye utaratibu ulioandikwa, na uwaeleze mapema kabla hakijatokea kitu. Niliwahi kumtoa mchezaji uwanjani baada ya kugongana kichwa na mwenzake. Alikuwa anatembea, anaongea, anadai yuko sawa, na mechi ilikuwa inakaribia mwisho. Mzazi alishuka jukwaani akanisihi nimrudishe, kisha sauti ikapanda. Nilimjibu kwa upole kwamba anayeshukiwa kutikisika ubongo harudi kucheza siku hiyohiyo, hata akisema hana maumivu, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa. Hatarudi mpaka daktari amwone, kisha kwa hatua: mwendo mwepesi, mazoezi bila kugongana, na kucheza mwishoni kabisa. Tulifungwa. Ningefanya vilevile kesho. Shule nzuri itakuunga mkono, kwa hiyo kwenye usaili waulize nani ana kauli ya mwisho kuhusu mchezaji aliyeumia. Jibu lao litakuonyesha ni shule ya aina gani.

Kuhusu kupanda, jifunze kufundisha nadharia. Mwenye filimbi tu anapata kazi, lakini anayeweza kuingia darasani na kueleza moyo, mapafu na jinsi mifupa na misuli inavyofanya kazi kama wenzo anahitajika zaidi. Cambridge, watunga mitihani wa Uingereza, wana somo la michezo kwenye IGCSE, cheti chao cha kimataifa cha sekondari, lenye mtihani wa maandishi pamoja na vitendo, na diploma ya IB ina sayansi ya michezo, mazoezi na afya. Kutoka hapo kuna mratibu wa mashindano, mkuu wa idara, mlezi wa wanafunzi wa mwaka mmoja wa masomo, na wapo waliofika ukuu wa shule. Mwalimu wa michezo huwajua watoto wa madarasa yote, na hilo ni sifa kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

---

BwawaniAsubuhi

Niongeze moja kutoka shule ya msingi. Jiandae kwa kuagana. Wazazi wanahamishwa kazi, na mtoto uliyemshika mkono mpaka akathubutu kuachia ukingo wa bwawa anaondoka kabla hujamwona akiogelea urefu mzima. Mimi huwapa barua fupi kwa mwalimu wao ajaye: anaogopa nini, anapenda nini, amefika wapi. Wapo walimu wa nchi nyingine walionijibu, na hapo nikajua mtoto amefika salama.

---

MwalimuChaki

Barua hiyo naiazima, mwalimu, nitaipeleka kwenye idara yangu.

FilimbiMpya, huenda ukatakiwa ufundishe kipindi cha majaribio. Usiwapange watoto mstari mmoja wakisubiri zamu. Gawa uwanja, kila watatu au wanne wapate mpira wao, waanze kucheza ndani ya dakika 2 za mwanzo, kisha simamisha na uulize swali moja: nafasi iko wapi? Waache wajibu kwa kucheza. Na kabla hujaondoka, muulize aliyekaribisha kama kuna mtoto ambaye huwa anakaa pembeni, na kwa nini.