"Leseni yake imelala": yule mzee wa suspenda kanidhalilisha ukumbini mbele ya watu 300, sasa mimi ndiye nisiyelala

BoksiMstaafu:
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka ukumbini saa moja iliyopita, suti bado iko mwilini na mkono wa kulia bado unanuka mafuta ya kuku ambaye sikummaliza. Msiniulize kwa nini sikummaliza, nakuja huko.

Wa Houston mnamjua. Sitaji jina, la nini? Mzee wa suspenda. Yule ambaye kadi yake ya biashara ina picha ya enzi zile bado ana nywele. Msiba ukitokea saa nane usiku, saa nane na robo yeye kashafika, kadi kashazipanga mezani hata jamvi halijatandikwa. Ana ofisi ya bima, na akilini mwake Mungu alipoumba Texas alimkabidhi yeye magari yote ya Watanzania, Wakenya na Wakongo, sisi wengine tukipita tupige hodi.

Leo tulikuwa kwenye sendofu. Watu 300. Haya, labda 150, lakini wakati ule niliwaona 300. MC kamaliza kuita kamati, mzee kaomba maiki atoe nasaha kwa binti. Nasaha! Ndoa kaizungumzia dakika mbili, ya tatu kashahamia kwenye bima. Nyumba bila bima ni kibanda, sijui mume bila bima ni mgeni. Watu wanacheka, hata mimi nacheka, nami ni wakala wa bima, mtu wa fani. Ndipo akanyoosha kidole. Kidole, wakuu. Kuelekea meza namba 9. Mimi niko katikati ya paja la kuku. Akasema: "Na yule ndugu yetu pale anayekula, kama kakuandikia bima kamuulize vizuri. Leseni yake imelala."

Leseni yake imelala.

Ukumbi mzima ukageuka. Mama mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Kwani leseni nayo inalala?" Mwenzie akamjibu, "Inategemea imekula nini." Na DJ akaweka sauti ya jogoo. DJ! Sendofu ile nimeichangia dola 100.

Sasa nyie mnaodhani leseni ya bima za mali na ajali inaokotwa. Mimi nimeisomea usiku, nikitoka zamu ya ghalani, kitabu kimelala juu ya usukani. Mara ya kwanza nilipata 69. Kupita ni 70. Karatasi ilitoka kwenye printa bado ya moto, nikasoma 69, nikaigeuza nyuma nione kama kuna alama imeangukia huko. Swali lililonimaliza nalijua. Kuna mtu anayechoma nyumba yake kusudi alipwe, na kuna mtu anayeacha mlango wazi kwa kuwa bima anayo. Hatari za hawa wawili kwa Kiingereza zina maneno mawili yanayotofautiana herufi moja, tena ya mwishoni. Mimi ningewaita mwizi na mzembe, tukafunga mjadala. Mara ya pili nikapita. Alama za vidole, uchunguzi wa historia yangu, ada ya dola 50, leseni ikatoka. Nilimpigia mama Moshi akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Alidhani ni ya udereva.

Kuitunza ndiyo vita. Kila miaka miwili jimbo linataka saa 24 za masomo, 3 kati ya hizo ziwe za maadili. Nilizisoma zote! Vyeti ninavyo kwenye simu. Kumbe nusu lazima ziwe za darasani, au za aina inayohesabiwa sawa na darasa, na zangu zote ni za kujisomea. 12 zikakubaliwa, 12 zikaenda na maji. Faini ni dola 50 kwa kila saa, pigeni hesabu wenyewe, mimi nikipiga nalia. Haijatimiza wiki tatu tangu leseni iishe muda, na tangu hapo sijaandika bima hata ya baiskeli.

Mzee kayajuaje yote haya? Idara ya bima ya jimbo ina ukurasa ambapo mtu yeyote anaweka jina la wakala na kuona leseni ikoje. Kwa hiyo huyu binadamu kakaa chini, kavaa miwani, kaandika jina langu refu hili herufi kwa herufi, kaona, kanyamaza. Kasubiri sendofu! Kasubiri kuku!

Nimefika nyumbani, mwanangu wa miaka sita kaniuliza, "Baba, imeamka?"

Semeni nyie.

Mangi wa Katy:
Pole sana mkuu. Ila hapo kwenye "inategemea imekula nini" nimecheka mpaka nimeamsha mtoto.

DadaHesabu:
Saa 24 kwa miaka miwili. Miaka miwili ina miezi 24. Ni saa MOJA kwa mwezi kaka yangu. Kugawanya 24 kwa 24 kumekushinda halafu unataka uniandikie bima ya nyumba?

BoksiMstaafu:
@DadaHesabu wewe una watoto watatu na zamu ya usiku? Mada hapa ni KIDOLE. Hesabu fungua uzi wako.

Mkongwe wa Bronx:
Nyie watu wa Texas mnalia nini hasa? Huko kwenu darasa la lazima kabla ya mtihani halipo kabisa, mnaingia chumba cha mtihani kama mnaingia sokoni kununua nyanya. Huku New York nimekaa darasani saa 90 kwanza. Tisini. Mwalimu alikuwa anaongea kama anasoma majina ya marehemu.

Mti Mkavu:
Saa 90 ni chekechea. Njoo Florida uchukue 2-20, leseni ya huku ya bima za mali na ajali, saa 200. Nilianza darasa sina ndevu.

Mkongwe wa Bronx:
Ila sisi tukishapita tunadaiwa saa 15 tu kwa miaka miwili. Tunalala na leseni zetu zinalala lakini ziko hai.

BoksiMstaafu:
Naomba hilo neno kulala lisitumike kwenye uzi huu.

Bibi Mtazamaji:
Mimi nilikuwa meza namba 8, nimeona kila kitu. Mleta uzi acha kutia chumvi. Hakunyoosha kidole. Alinyoosha kijiko.

BoksiMstaafu:
Mama yangu shikamoo, lakini kijiko ni kidole kirefu. Na tena ni vibaya zaidi, maana kile kijiko kilikuwa na wali. Punje ilidondoka wakati anasema "imelala", niliiona kwa macho yangu.

Nyuki Mkali:
Chai hii. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. DJ gani wa Houston ana sauti ya jogoo?

Dj Mwanasesere:
Ninayo. Na leseni sikuwa na habari nayo, mimi niliambiwa tu kuna mtu amelala pale meza ya tisa, nikamwamsha.

Nyuki Mkali:
Basi naondoa chai yangu, nimekaa.

Wakala Mpole:
Mkuu, nacheka kama wengine ila nikwambie la maana. Uko ndani ya siku 90 tangu iishe. Maliza hizo 12, safari hii za darasa, lipa faini zako, lipa ada ya kuhuisha na ile nusu ya ada inayoongezwa kwa wachelewaji, yaishe. Siku 90 zikipita huhuishi tena, unaomba upya. Mwaka ukipita unarudi kwenye chumba cha mtihani kuulizwa upya habari za chama cha bima ya upepo cha pwani na 30/60/25, kile kima cha chini cha bima ya gari. Na usije ukaandika bima ya mtu kipindi hiki kwa hasira za kumwonyesha mzee. Hapo kesi yako haitasomwa na MC.

BoksiMstaafu:
Asante Mpole, nimekusikia. Lakini hebu niambie wewe uliye kwenye fani, kuna sheria gani inayomruhusu mtu kutangaza leseni ya mwenzie KWENYE SENDOFU?

Wakala Mpole:
Ukurasa ule ni wa umma, mkuu. Ukumbi sasa, hapo ni malezi.

Mama Harvey:
Afadhali wewe umeaibishwa tu. Mimi nilipokaa na huyo mzee (namjua, ana suspenda ya bluu na nyekundu, ya bluu ni ya misiba) aliniambia bima ya nyumba inafunika kila kitu, mama lala usingizi. 2017 kimbunga Harvey kikaja, maji yakafika kwenye meza ya TV. Nampigia, ananiambia mafuriko hayamo, mafuriko yana bima yake ya pembeni, ule mpango wa serikali kuu wa tangu 1968. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema, "Hukuniuliza." HUKUNIULIZA. Nimesimama kwenye maji nimeshika viatu kichwani.

Mangi wa Katy:
Duh. Hiyo ni kubwa kuliko ya kuku.

BoksiMstaafu:
Mama Harvey pole sana, lakini naomba tusizame huko, uzi ni wa kwangu.

Mama Harvey:
Kuzama unaniambia mimi?

Tairi la Akiba:
Na mimi ana kesi yangu. Aliniuzia ile ya kima cha chini, akanipa mkono, "umefunikwa kijana". Nikajigongea nguzo mwenyewe pale barabara ya Bissonnet. Kumbe ile 30/60/25 ni kwa ajili ya niliowagonga, elfu thelathini kwa mtu, sitini kwa ajali nzima, ishirini na tano kwa mali zao. Nguzo ilikuwa na bima kuliko mimi.

Gogo la Tandale:
Huku Dar trafiki anaingiza namba ya gari kwenye simu, mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, unamwambia kama bima ipo au hakuna. Yangu ilikuwa imeisha juzi yake. Garini nimembeba mama mkwe anatoka kliniki. Leseni yako imelala mbele ya watu 300 usiowajua, bima yangu imekufa mbele ya mtu mmoja anayejua mahari nilimaliza lini. Tulinganishe?

Mangi wa Katy:
Mahari ulimaliza lini?

Gogo la Tandale:
Hiyo siyo mada.

Njeri wa Dallas:
Wueh. Boss, kwa muda umetumia kuandika hii insha si ungekuwa umemaliza masaa mawili ya masomo?

DadaHesabu:
Yamebaki 10.

BoksiMstaafu:
Nimejaribu kulala, nimeshtuka saa tisa. Nimeota kijiko. Kimekuja peke yake, hakina mtu. Kuna mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, kanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nimesikia leseni haiko vizuri, umeipeleka hospitali?" Anauliza kwa huruma kabisa. Mzee angesema imeisha muda ningeelewa. Angesema inasubiri kuhuishwa, ndiyo ukweli wenyewe. Kwa nini aseme IMELALA? Nani kasema leseni hulala?

Bibi Mtazamaji:
Kwani na wewe mwanangu, wakati watu wanatoa nasaha wewe unakula nini? Kila mtu alikuwa ameweka sahani chini.

BoksiMstaafu:
Niliwahi kwa sababu nilijua kuku hatatosha.

Tairi la Akiba:
Hapo naungana na mleta uzi asilimia mia. Kuku hakutosha. Meza yetu ya 14 tulipata shingo.

Mti Mkavu:
Subiri, mlichangia kiasi gani?

Tairi la Akiba:
Dola 150 kwa familia. Shingo.

Kamati Kuu:
Naomba niweke sawa. Kamati iliagiza chakula cha watu 120, waliothibitisha ni 108. Waliokuja ni zaidi ya 150. Watu wanakuja na binamu. Kamati haipiki binamu.

Nyuki Mkali:
Kamati mnasema hivyo, lakini vipapatio vilikuwa jikoni kwenye treya ya foili, vimefunikwa na khanga. Nimeviona nikienda kuosha mikono.

Kamati Kuu:
Vilikuwa vya wapishi.

Nyuki Mkali:
Wapishi wawili, vipapatio arobaini?

BoksiMstaafu:
Jamani. Kijiko.

Dj Mwanasesere:
Na mimi sijalipwa nusu iliyobaki. Kamati nawaomba kistaarabu kabla sijaleta uzi wangu.

Kamati Kuu:
Utalipwa ukieleza yule jogoo alitoka wapi, mama wa binti anamlalamikia.

Mama Harvey:
Mlioko kamati, kuna bakuli langu la pilau lina kifuniko cha bluu, lina jina langu kwa plasta chini. Nililiacha jikoni saa mbili. Aliyelibeba alirudishe, hata kama pilau imeisha.

Bibi Mtazamaji:
La bluu lenye ufa kidogo pembeni? Nimeliona mzee wa suspenda kalitia kwenye gari.